Nyimbo za Vita na Njia ya Kasanga

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto katika mabara matatu, sinema moja ilitolewa Marekani kwa jina la This Is the Army. Mwongozaji wake alikuwa Michael Curtiz, na nyimbo zake zilitungwa na Irving Berlin. Wengi wa waliocheza ndani yake hawakuwa wachezaji wa kuajiriwa. Walikuwa askari hasa, waliotolewa vikosini mwao ili waigize uaskari mbele ya watu: gwaride, baragumu la alfajiri, sajini mkali, kazi ya jikoni, kuagana na mchumba. Asili yake ilikuwa mchezo wa jukwaani ulioanza kuonyeshwa mwaka 1942, na mapato yake, mamilioni ya dola, yalipewa mfuko wa jeshi wa kuwafaa askari na jamaa zao waliopatwa na shida. Kusudi lake halikufichwa. Ilitakiwa mtu aingie katika nyumba ya sinema na hofu yake, atoke na wimbo mdomoni.

Berlin hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1918, alipokuwa kuruta katika kambi ya Camp Upton, katika jimbo la New York, aliwatungia askari wenzake mchezo wa kwanza wa namna hiyo. Wimbo wake mmoja, malalamiko ya askari anayechukia kuamshwa asubuhi, aliuimba tena kwa sauti yake mwenyewe katika sinema ya 1943, akiwa mtu mzima aliyepita miaka hamsini, amevaa sare yake ya kale. Naomba msomaji aukumbuke mwaka huo wa 1918, maana nitarudi kwao.

Mtu wa Mwimbi aweza kuuliza, tena kwa haki, hayo yote yatuhusu nini. Mwimbi iko upande wa kusini wa uwanda wa juu wa Ufipa, katika nchi ya baridi na upepo, nchi ya ulezi, mahindi na maharage, si mbali na mpaka wa Zambia. Na Hollywood iko mbali nayo kwa kila kipimo. Jibu langu ni kwamba mchezo wa askari wanaoigiza uaskari ulikwisha kupita kando ya nchi hiyo robo karne kabla ya sinema ya Curtiz, umebebwa katika vichwa vya watu waliotembea kwa miguu. Haukuagizwa na serikali yoyote, wala haukulipiwa na kiwanda chochote. Jina lake ni beni. Wako waliouandika mchezo huo kuwa ni uigaji mtupu, watu weusi wakijipamba kwa manyoya ya watu weupe. Maoni hayo siyakubali, na kurasa hizi nimeziandika kwa kusudi la kuyapinga.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe katika siku za vita. Mwaka 1914 mpaka uliotenga nchi ya Mjerumani na Rodezia ya Kaskazini ulipita katikati ya watu wa ukoo mmoja. Wamambwe na Walungu walikuwa na jamaa pande zote mbili, na mstari wa ramani haukuwa umewahi kumzuia mtu kwenda kuoa au kuzika. Vita vilipoanza mstari huo ukawa na meno. Katika Julai na Agosti 1915 Wajerumani waliizingira ngome ya Saisi, karibu na mto wa jina hilo, wasiweze kuitwaa. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Bismarckburg, ngome ya Mjerumani iliyokuwa Kasanga, penye ufuko wa ziwa Tanganyika, wakaikuta tupu, kwa kuwa walioilinda walikwisha kutoroka kwa njia ya maji usiku, hali mashua za vita za Waingereza zilizotakiwa kuwazuia hazikuwazuia. Hadithi ya mashua hizo, zilizoletwa kutoka Uingereza kwa meli, kwa reli na kwa kukokotwa porini, imekwisha kusimuliwa mara nyingi mno, na Hollywood yenyewe iliichukua kwa namna yake mwaka 1951 katika The African Queen. Mimi sina haja nayo. Mtu ninayemtafuta hakuwa ndani ya mashua. Alikuwa nchi kavu, na mzigo kichwani.

Vita vile vilikuwa vita vya wapagazi. Magari yalikuwa machache, na mbung'o aliwaua ng'ombe na punda; hivyo kila risasi, kila kopo la nyama na kila gunia la unga lilikwenda kwa shingo ya mtu. Upande wa Rodezia ya Kaskazini wapagazi hao waliitwa tenga-tenga. Wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, walipata 95,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi. Ulezi wa nchi za mpakani uliliwa na majeshi, na wanawake walilima bila waume. Tukisema habari za kuwatia watu moyo wakati wa vita, haya ndiyo mambo ambayo moyo ulitakiwa kuyastahimili.

Basi katikati ya haya watu walicheza ngoma. Beni ilizaliwa pwani, Mombasa na Lamu, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na jina lake ni lile lile la bendi ya tarumbeta iliyowavutia vijana wa miji hiyo. Mashindano ya mitaa, ambayo ni desturi kongwe ya Waswahili, yalivaa nguo mpya: Mombasa wakatokea Kingi na Skochi, kila upande ukijaribu kumshinda mwenziwe kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Ngoma hiyo ilishuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, na huko ikagawanyika katika makundi mawili ambayo majina yake yalienda mbali kuliko ya Mombasa, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa adabu na nguo safi, makarani na wenye vyeo. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na watu wa bara. Ubora wa Marini ulikuwa katika unadhifu, na wa Arinoti katika nguvu na dhihaka.

Namna yake ilikuwa hivi. Kila kundi lilikuwa na vyeo kamili vya serikali na vya jeshi: mfalme au Kaisari, gavana, jenerali, kanali, kapteni, daktari, sajini, mpaka askari wa chini. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Cheo kilipatikana kwa ada, kwa ukarimu na kwa kukubaliwa na wenzi. Siku ya mchezo watu walijipanga safu, wakapiga gwaride kwa ngoma kubwa na filimbi, na tarumbeta kwa wenye nazo, wakikaguliwa na wakubwa wao waliovaa kofia za helmeti na mikanda. Aliyevunja amri alitozwa faini. Siku zisizo za mchezo chama kilizika maiti, kilimwuguza mgonjwa, na kilimpokea mgeni. Mpishi wa Dar es Salaam aliyefika Tabora bila kumjua mtu aliulizia nyumba ya Marini au ya Arinoti, na usiku ule alilala amekula.

Mambo haya mawili, mchezo wa vyeo na ugeni wa kupokeana, ndiyo yaliyoifanya beni iwafae watu wa vita kuliko kitu kingine chochote walichopewa. Askari na mpagazi waling'olewa katika kabila lao na kutupwa katika umati wa watu wa lugha ishirini. Beni iliwapa jamaa wapya papo hapo, na lugha ya jamaa hao ilikuwa Kiswahili. Nayo ilikuwa pande zote mbili za vita. Marini walikuwako katika jeshi la Mjerumani na Marini walikuwako katika King's African Rifles. Mateka alipochukuliwa aliweza kukuta katika kambi ya adui yake watu wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1917 Waingereza walipounda kikosi cha sita cha King's African Rifles, walikijaza askari waliokuwa jana wakimtumikia Mjerumani, kwa hiyo mtu yule yule aliimba kwanza chini ya Kaisari wa mchezo, kisha chini ya mfalme wa Kiingereza wa mchezo, na hatua za ngoma hazikubadilika sana.

Hapa ndipo hoja ya uigaji inapovunjika. Mwigaji hutaka afanane na anayemwiga. Mchezaji wa beni alijua vema kwamba kesho asubuhi atarudi kuubeba mzigo wa yule bwana ambaye jioni hii alivaa cheo chake, na watazamaji walijua pia, na utamu wote wa mchezo ulikuwa katika kujua huko. Kumfanya mpagazi kuwa gavana kwa saa tatu ni kumwonyesha kila mtu kwamba ugavana ni kofia, sauti na namna ya kutembea, na kwamba vitu hivyo vyaweza kujifunzwa. Irving Berlin naye alimcheka sajini, lakini alimcheka kwa ruhusa ya sajini, na wimbo ulipokwisha sajini alikuwa palepale, amependwa zaidi. Kicheko cha beni hakikuombewa ruhusa.

Sasa turudi mwaka 1918. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amezunguka Msumbiji na kurudi, aliingia Rodezia ya Kaskazini na kuitwaa Kasama mnamo Novemba. Habari za mapatano ya Ulaya zilimfikia penye mto Chambeshi siku mbili hivi baada ya mizinga ya Ufaransa kunyamaza. Tarehe 25 Novemba 1918 aliziweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala. Pamoja naye walikuwako Wajerumani 155, askari weusi zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya 1,500, na wanawake na watoto waliofuata jeshi mvua na jua. Kutoka Abercorn walipelekwa kwa miguu mpaka Bismarckburg, hapo Kasanga. Wakapakiwa katika vyombo vya ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma wakaenda kwa gari la moshi mpaka kambi ya Tabora. Ukisimama Mwimbi na kutazama upande linakotua jua, njia hiyo ya kuteremkia ziwani iko mbele yako.

Nimeifikiri safari hiyo mara nyingi. Vitabu vya Ulaya humfuata jenerali, ambaye alirudi Berlin mwaka 1919 akapokewa kwa maua. Askari wake walikwenda Tabora wakae nyuma ya seng'enge, mishahara yao ya miaka ikiwa ni vikaratasi vya ahadi, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ikawapukutisha waliopona bunduki. Watu hao hawakuwa na nchi iliyoshinda wala iliyoshindwa. Walichobaki nacho, kisichoweza kunyang'anywa penye lango la kambi, ni vyama vyao na nyimbo zao. Beni ilistawi katika kambi za mateka, na mateka walipofunguliwa waliibeba mpaka vijijini na mpaka machimboni. Wenzao wa upande wa pili, tenga-tenga waliorudi Abercorn na Kasama, waliibeba kusini. Huko ikaitwa mbeni. Katika Unyasa ilizaa mganda na malipenga, ambazo bado huchezwa.

Serikali ya Kiingereza ilishtuka. Katika mwaka 1919 na 1920 maofisa wake wa upelelezi waliichunguza beni kwa bidii, wakihofu kuwa nyuma ya ngoma pamejificha umoja wa siri wa Waafrika au wa Waislamu. Uchunguzi huo haukupata siri, kwa sababu haikuwako. Lakini hofu yao haikuwa ya kipumbavu kama inavyosemwa. Watu waliotawaliwa kwa kugawanywa kabila kabila walikuwa na chama kimoja toka Mombasa mpaka Rodezia, chenye nidhamu, chenye kujua kuitana na kuchangishana, na ambacho hakikuundwa na mmisheni wala na mkuu wa wilaya. Mwaka 1935, wachimba madini wa Rodezia ya Kaskazini walipogoma kwa sababu ya kodi na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume iliyoundwa kuuliza sababu ilijikuta ikiuliza pia habari za mbeni.

Katika vita vya pili serikali ilikuwa imejifunza. Haikungoja watu wajitungie furaha yao. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, na vijana wa Ufipa walikuwa miongoni mwao. Wakapelekwa Abisinia, Bukini na mwisho Burma, ambako batalioni ya 26 na ya 36, warithi wa kile kikosi cha sita cha mwaka 1917, zilipigana katika bonde la Kabaw pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Ili mioyo yao isilegee, ziliandaliwa habari, magazeti, redio na sinema. London iliunda mwaka 1939 idara ya filamu za makoloni, chini ya William Sellers. Huku kwetu Kamandi ya Afrika ya Mashariki ilituma kikosi cha magari cha kueneza habari za vita, kikiongozwa na Alec Dickson, ambaye mwaka 1958 alianzisha Uingereza chama cha vijana wa kujitolea ng'ambo. Askari wa makabila mbalimbali walikwenda na magari hayo, wakionyesha silaha, gwaride na mazoezi ya viungo mchana, na usiku shuka nyeupe ikatundikwa kwa sinema.

Yatupasa tukae kidogo na fikira za Sellers, maana zinachekesha na kuhuzunisha pamoja. Yeye aliamini kuwa mtazamaji Mwafrika hawezi kuifuata sinema ya kawaida. Basi filamu za idara yake zilitengenezwa polepole, tendo moja baada ya jingine, bila kurukaruka na bila hila za kamera, kama mtu anavyomsomesha mtoto herufi. Miongoni mwao iko ile ya mwaka 1940 inayomwonyesha Mwingereza nyumbani kwake, akiamka, akila, akienda kazini, akirudi. Huyo ndiye aliyedhaniwa kuwa fumbo kubwa kwa watu ambao baba zao, miaka ishirini na mitano kabla, walikuwa wakiigiza dola zima la Kiingereza na la Kijerumani, kutoka Kaisari mpaka mpiga filimbi, kwa mafumbo ambayo wapelelezi wa serikali walishindwa kuyafumbua. Askari wale wale walipoonyeshwa Charlie Chaplin walicheka mahali palipostahili kuchekwa, na hakuna aliyewafundisha.

Hata hivyo si haki kuvitupa vyote vilivyotoka juu. Katika mwaka 1944 hali ilikuwa ngumu. Tarehe 12 Februari meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Seiloni, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi; watu karibu 1,300 walikufa, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliofuata nyuma walivuka maji yale yale. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani cha Waafrika, kilichosimamiwa na Peter Colmore, na ndani yake alikuwako kijana wa pwani ya Kenya, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Walipelekwa mpaka India na Burma, na magitaa yao, wakawaimbie watu waliolala katika matope ya masika ya Asia. Hiki ndicho kitu chetu kilichoikaribia zaidi sinema ya Curtiz: askari waliovuliwa bunduki wakapewa ala, wapewe sare safi, waambiwe wawafurahishe wenzao. Kama kungekuwa na mtu wa kuwapiga picha wakati ule, kwa moyo na kwa mali aliyopewa Berlin, tungekuwa leo na sinema ya kuitazama. Mtu huyo hakuwako.

Lakini katika kuilinganisha yetu na yao, tusidhani kuwa yao ilikuwa safi. Kikosi cha This Is the Army kiliwachanganya askari weusi na weupe wakati jeshi lote la Marekani lilikuwa bado limetenganishwa kwa rangi, na Berlin mwenyewe ndiye aliyetaka weusi wawemo. Utengano wa jeshi ulikatazwa kwa amri ya Rais Truman mwaka 1948. Joe Louis, bingwa wa ngumi wa dunia, anaonekana ndani ya sinema akiwa na sare ya sajini. Na humo humo mna mchezo ambao watu weupe wamejipaka masizi usoni ili wawacheke weusi. Huo nao ni uigaji, na mtu akitaka kujua tofauti baina ya kumwiga aliye juu yako na kumwiga aliye chini yako, auweke mchezo huo kando ya beni ya mpagazi na atazame ni yupi kati ya wachezaji aliyekuwa na kitu cha kupoteza.

Walioandikishwa walirudi mwaka 1945 na 1946. Robert Kakembo wa Uganda, aliyekuwa mwanajeshi, aliandika mwaka 1946 kitabu kidogo cha Kiingereza kueleza kuwa askari anayerudi si yule aliyekwenda, na kwamba anataka shule na heshima. Wapigaji wa vikosi vya burudani walirudi na magitaa. Bendi iliyojiita Rhino ilitokana nao, na jina lake si ajabu kwa mtu anayekumbuka kuwa alama ya Divisheni ya 11 ilikuwa kichwa cha kifaru. Fundi Konde akaingia katika santuri, na kwa santuri sauti ya vita ilifika mahali ambapo gari la sinema halikufika. Beni yenyewe ilianza kufifia pwani. Vijana waliona gwaride kuwa jambo la wazee. Dansi ya gitaa ilikuwa jambo lao.

Kufifia kwa mchezo si kupotea kwa ujuzi wake. Vyama vya ngoma vya Dar es Salaam viliendelea kujua jinsi ya kuitana, kuchangishana na kupeleka habari mtaa kwa mtaa kabla jua halijatua. Mwaka 1955, TANU ikiwa na mwaka mmoja, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya wanawake wenzake, na kwa njia yao alivutia maelfu ya wanawake kuingia chamani. Wapelelezi wa 1919 walitafuta siasa ndani ya ngoma wasiione. Ingelifaa wangoje.

Na vijana wa nchi ya Mwimbi? Wengi wao, wa Kifipa na wa Kimambwe, walikwenda kutafuta kodi na nguo, baadhi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na baadhi kusini katika machimbo ya shaba, wakiufuata mpaka uleule ambao baba zao waliupita na mizigo. Katika miji ya shaba walikuta ngoma iliyotokana na mbeni, jina lake kalela, iliyobuniwa na Wabisa wa ziwa Bangweulu. J. Clyde Mitchell, aliyeitazama Luanshya mwaka 1951 na kuchapa maelezo yake mwaka 1956, ameieleza vizuri. Vyeo vya jeshi vilikuwa vimekwisha kupungua. Hapakuwa tena na gavana wala jenerali. Wachezaji walikuwa vijana wa kazi, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakiimba sifa za kwao na dhihaka za makabila mengine. Walikuwa na mfalme, ambaye alivaa suti na tai, na walikuwa na daktari, aliyevaa koti jeupe. Tena alikuwako mwanamke mmoja tu katika kundi, amevaa nguo nyeupe za muuguzi, na kazi yake ilikuwa kupita katika safu wakati ngoma inaendelea, ameshika kioo na kitambaa, ili kila mchezaji ajifute jasho na kujitazama kama yuko nadhifu.

Vyeo vyote vilivyobebwa kutoka Mombasa, vikapita Tabora na Kasanga na Abercorn kwa miguu ya watu waliokufa njiani, vilikuwa vimebaki hivyo vitatu: mfalme, daktari, na muuguzi mwenye kioo. Mchezaji hujitazama, hurekebisha tai yake, humrudishia kioo, naye humwendea wa pili.